Fundi wa Mizani Alisema Sifuri

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Fundi wa Mizani aliangalia mizani isiyo na kitu. Aliitundika kwenye boriti ya kibanda chake nyuma ya soko la Nchelenge, akarudi hatua mbili, akaweka mikono mgongoni na kuukazia macho mshale. Mshale ukisimama kwenye sifuri, aliguna, akaenda kunawa. Usiposimama, hakunawa mpaka ausimamishe. Kuna siku nilimkuta saa nne na tongotongo machoni, bisibisi mkononi, na hakuona haya hata kidogo.

Sitaeleza alizaliwa wapi na wa ukoo gani. Nilimuuliza mara tatu nikapewa majibu matatu. Alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, alikuwa na koti moja la kijivu lenye mifuko minne, na karibu miaka yote ya sabini alikuwa mtu wetu. Pia alinikera sana. Hilo naliweka mbele kabisa, ili mtu asidhani nimekaa hapa kumwimbia sifa.

Mimi ni mwanamke wa samaki. Sokoni niliitwa Bana Mwansa, yaani mama yake Mwansa, kwa Kibemba chetu. Kiswahili nilikiokota kwa watu wa Zaire waliovuka kuuza vitenge na sabuni na kurudi na samaki, kwa hiyo kwa miaka mingi nilijua kukitumia kugombania bei tu. Kusema nina huzuni sikujua. Fundi ndiye aliyenifundisha hayo mengine. Kibemba chake kilitosha kununua mihogo, na Kifaransa alisema ni cha kujionyesha. Maneno yangu nimeyanyoosha ili msomaji wa mbali asipotee, lakini ya kwake nayaacha yalivyotoka, maana nikiyanyoosha hatakuwa yeye.

Alikuja wakati wa kilo. Serikali ilikuwa imesema pauni basi, sasa ni kilo, na ufukweni kwetu kila mizani ilikuwa ya pauni. Watu wa Zaire, waliozaliwa na kilo, walitucheka. Mizani mpya ilikuwa ghali na tena haikupatikana. Fundi akapita kibanda kwa kibanda na wazo lake: atafungua kioo, atabandika karatasi ya duara juu ya uso wa zamani, na kuchora namba za kilo kwa wino mweusi, kwa mkono. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mwandiko wa seminari. Mizani ya kwanza kuichora ilikuwa yangu. Niliujivunia ule uso mpya kuliko nilivyojivunia wangu mwenyewe.

Ndiyo, seminari. Alisomea upadri huko kwao, akafika mpaka miaka miwili ya filozofi, kisha akaondoka. Kwa nini aliondoka, ilitegemea siku uliyomuuliza. Siku moja alisema alimuuliza mwalimu wake mzungu swali lisilo na jibu. Siku nyingine alisema jibu lilikuwepo ila lilikuwa fupi mno. Siku moja ya mvua, tumejibanza chini ya bati lake, alisema ilikuwa habari ya chakula.

"Hiyo filozofi ni nini hasa?" nilimuuliza mwanzoni, wakati bado nilidhani ni aina ya dawa.

"Njo kazi ya kujiuliza, sawa vile unauliza mutu aliiba kuku yako," akasema, na "njo" yake ni "ndiyo" yetu. "Haumuulize na huruma. Haumupige pia. Unauliza tu, mpaka kuku inatokea."

"Na faida yake?"

"Furaha."

Alilitaja neno hilo kwa uso wa mtu anayetaja aina ya msumari. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akicheka. Nilipomwambia kwamba furaha yake haionekani, alijibu kwamba hata springi ya mizani haionekani, na inafanya kazi.

Imani yake ilikuwa moja na aliihubiri kwa kila aliyeleta mizani. Mtu naye ni mizani, alisema. Ana namba anayoisoma kabla hajawekewa kitu.

"Kuko batu banaamuka asubuhi banasoma tayari kilo mbili ya hasira," alisema. "Alafu bibi analeta kikombe ya chai. Banasema, hii chai iko nzito."

Kwa hiyo baada ya kuangalia mizani tupu na kunawa, alijiangalia na yeye. Alikuwa na masanduku mawili ya samaki mbele ya kibanda, yamegeuzwa chini juu, yakitazamana. Alikaa kwenye la kwanza akauliza kwa sauti, "Leo unasoma ngapi?" Kisha akasimama, akazunguka, akakaa kwenye la pili na kujibu. "Kilo moja ya wivu." Akarudi kwenye la kwanza. "Wivu ya nani?" Akazunguka tena. Watu walioshuka ziwani walimsikia. Mwanzoni wanawake waliwapitisha watoto wao njia nyingine. Baada ya mwaka mmoja, mvuvi mmoja mzito kutoka Puta aliomba kukalia sanduku la pili, na tangu hapo likawa na foleni.

Siwezi kusema kila aliyekaa pale alipona. Mvuvi huyo wa Puta, kwa mfano, alitaka kuoa mke wa pili.

"Ukipata uyu wa pili, asubuhi yake utafanya nini?" Fundi akamuuliza.

"Nitaenda kutegua nyavu."

"Na leo asubuhi ulifanya nini?"

Mvuvi akafikiri. "Nilienda kutegua nyavu."

Akaenda nyumbani kimya, na sote tukasema Fundi ameokoa nyumba. Baada ya miezi miwili akaoa. Baada ya miezi mitatu alirudi kusema Fundi alikuwa na haki, kila kitu ni kilekile, ila sasa anakwenda kutegua nyavu mapema zaidi kwa sababu ya kelele. Fundi alimkaribisha kwenye sanduku na hakumsimanga, jambo ambalo mimi nisingeweza.

Mtu akisema sana habari za kujijua, watu humwangalia kwa makini, na sisi tulimwangalia. Fundi hakuweza kushindwa mchezo wa isolo. Tulichimba vishimo vyake mchangani nyuma ya soko na kucheza kwa kokoto, na Fundi akiona anakaribia kushindwa alikumbuka kazi, akainuka, akaenda na kokoto nne mfukoni. Mtu akimwita arudishe, alisema mchezo umesimama, haujaisha. Kuna michezo yake iliyosimama tangu alipofika Nchelenge.

Halafu kulikuwa na jino. Jino lake la upande, huku juu, lilimuuma mwaka mzima, shavu likavimba mpaka jicho likawa dogo. Nilimwambia aende kliniki ya Kafutuma, wanang'oa. Akasema maumivu ni habari tu, na mtu anayejijua anaweza kusikiliza habari bila kuipigia kelele. Nilimwona siku hiyohiyo nyuma ya kibanda amekumbatia nguzo, anaipiga teke. Ukweli ni kwamba alimwogopa nesi, na soko zima tulijua.

Na kitabu chake. Alikuwa na buku moja kubwa, bila jalada, alilolifunga kwa kitambaa na kulisoma mchana, akitikisa kichwa polepole. Wote tulijua ni la filozofi. Wazee wa kanisa walipita mbele yake kwa heshima wakati anasoma. Siku moja aliliacha wazi akaenda kununua vitumbua, nikachungulia. Sijui Kifaransa, lakini picha najua. Ilikuwa mizani. Ukurasa wa kwanza mizani, wa pili mizani, wa tatu springi peke yake.

Alinikuta nimelishika. Hakukasirika.

"Ile ya filozofi iliingia mu mayi siku nilivuka toka Pweto," akasema. "Boti ilipinduka. Hii njo ilibakia. Tofauti haiko mukubwa."

Tangu siku hiyo ya Pweto hakupanda boti tena. Alioga kwa ndoo, na maji ya ndoo aliyachota kwa kunyoosha mkono, miguu ikibaki mbali kwenye mchanga mkavu. Tulimchokoza. Mtu wa ziwani anayeogopa ziwa, huyo ni mtu gani? Alijibu kwa utulivu kwamba si woga. "Njo choix yangu," alisema, na hilo, yaani uamuzi, ndilo neno la Kifaransa alilolipenda kuliko yote.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha mimi sandukuni.

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa ameolewa kisiwa cha Kilwa, humuhumu ziwani kwetu, ambako hufiki ila kwa boti. Mumewe alivua, na kila wiki mdogo wangu alivuka na samaki wao, akaniletea. Nilipima, nikawauzia watu wa malori ya barafu yaliyokwenda Copperbelt. Hatukuwa na mtu mwingine duniani, mimi na yeye. Mama alikufa yeye akiwa bado mtoto, mimi nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea.

Siku moja, kabla ya kuja kwangu, alipima kapu lake kwa mnunuzi mwingine. Kilo ishirini. Akalileta kwangu, kapu lilelile. Hazikufika kumi na nane. Akaangalia mshale, akaniangalia, akasema:

"Mizani ya yaya inakula samaki."

Yaya maana yake dada mkubwa. Alisema kwa Kiswahili, na mimi na yeye siku zote tunaongea Kibemba. Alitaka ufuko mzima usikie, na watu wa Zaire wakiwemo.

Mimi nina hasira za karibu. Niliapa kwa kaburi la mama yetu kwamba mizani yangu ni safi, na mizani ikabebwa mpaka kwa Fundi, sisi wawili mbele, watu wakitufuata nyuma. Fundi akaitundika. Akarudi hatua mbili, akaweka mikono mgongoni, akaangalia. Siku hiyo aliangalia muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Inasimama kwa sifuri," akasema.

Hakuna aliyesema neno. Mdogo wangu alichukua kapu lake, akashuka kwenye boti, na hakurudi wiki iliyofuata wala nyingine. Alikaa miaka minne. Alizaa binti, akampa jina la mama yetu, na mimi habari hiyo niliipata kwa muuza chumvi, akinitajia kama mtu anayetaja hali ya hewa. Jina la mama linatambaa kwenye mchanga wa Kilwa, na mimi sijalibeba. Iliniuma. Iliniuma kila siku, na nilikuwa nimeshinda.

Katika miaka hiyo Fundi aliendelea na masanduku yake, na mimi nilikataa kukaa. Nilimwambia najijua vya kutosha. Mpaka siku moja alikuja kibandani kwangu nilipokuwa nauza, akasimama kuangalia watu wa lori wakipima kwa mizani yao. Kutoka kibanda changu mpaka kwenye lori ni hatua kama mia.

"Samaki ya benzako inapunguka uzito mu ile hatua mia," akasema. "Mayi inatoka, jua inapiga. Ya kwako inaongezeka. Ju ya nini?"

"Ni baraka," nikasema.

Sikuwa natania. Kila mwezi nilikuwa natoa shukrani kanisani kwa ajili ya baraka hiyo, nasimama mbele, watu wanapiga makofi.

Fundi alitazama chini, kwenye viatu vyake. "Bon," akasema, yaani haya, kwa Kifaransa chake. "Ulianza siku gani kutojua?"

Nilimtukana kwa lugha tatu. Kwa wiki tatu sikumsalimu. Nilipopita mbele ya kibanda chake nilitazama upande wa pili, nikajikwaa mara mbili. Lakini swali lilikuwa limeingia, na halikuwa na adabu ya kutoka. Niligeuza samaki, liko. Niliimba kanisani, liko. Mwisho nilichukua mfuko wa unga, wa kiwandani, ambao haujafunguliwa, umeandikwa kilo ishirini na tano. Nikaufunga kamba, nikautundika kwenye mizani yangu. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye ishirini na mbili.

Nilikaa chini, kwenye magamba ya samaki. Na kuku ikatokea. Nilianza kutojua siku ya lori la kwanza. Dereva alitaja namba, ilikuwa kubwa kuliko yangu, moyo wangu ukaruka kwa furaha, kisha nikageuza macho haraka. Tangu siku hiyo nilijua kila mara pa kutotazama. Mtu asiyejua kweli hawezi kukwepa vizuri namna ile.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda nikakaa kwenye sanduku, nikajiuliza, nikazunguka, nikajibu, mbele ya wavuvi na wauza mihogo. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Nilipomaliza, Fundi alikuwa bado anatazama viatu vyake.

"Sasa uende kwa mudogo yako," akasema.

"Twende wote. Wewe ndiye uliyesema sifuri."

"Mi siendake ku mayi. Njo choix yangu."

Nilimwachia ile mizani nikamwambia aivunjevunje, springi yake imechoka. Nikapanda boti peke yangu.

Nilimkuta mdogo wangu anaanika chisense, wale samaki wadogo kama kucha, ametandaza ufuko mzima. Hakuinuka. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa Kibemba, habari ya lori, ya unga, ya shukrani zangu kanisani. Aliendelea kutandaza.

"Na kaburi la mama?" akauliza.

"Niliapa uongo."

Alitandaza mpaka mwisho wa mstari wake. Kisha akasema, "Wewe ni yaya yangu, nilikuwa nakungoja. Lakini yule Fundi wako. Alisema sifuri mbele ya watu, na watu wote wakanyamaza. Miaka minne nasikia ule ukimya."

Akaingia ndani, akatoka na mtoto, akaniwekea mikononi. Alikuwa mzito. Nililia mpaka mtoto akaanza kunishangaa, na mdogo wangu akacheka, na hapo tukawa ndugu tena, tukala.

Nilirudi Nchelenge ninaimba. Fundi alikuwa amesimama ufukweni, mahali pake pakavu, nikamweleza yote, na maneno ya mdogo wangu juu yake sikuyaficha. Alisema "Bon", akaenda kibandani kwake, akafunga mlango saa sita mchana. Tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye masanduku. Mizani tupu aliendelea kuiangalia asubuhi, lakini kujiuliza aliacha, na aliyekuja kuulizwa alimwambia biro, yaani ofisi, imefungwa. Mimi nilidhani ni jino.

Ulipita mwaka mzima hivyo. Kisha asubuhi moja akaniita.

"Bana Mwansa, ikala," akasema, akinisogezea nafasi nikae naye kwenye sanduku la kwanza.

Kwenye sanduku la pili kulikuwa na mizani yangu ya zamani, nzima, kioo kimefunguliwa. Hakuwa ameivunja. Alibandua karatasi pembeni kwa ukucha, chini yake zikaonekana namba za pauni.

"Hii wino ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako."

"Kilo moja iko pauni ngapi?"

"Mbili na kidogo," nikasema. Kila mtu sokoni alijua hivyo, ndivyo tulivyofundishwa.

"Kidogo njo ngapi?"

Hilo sikuwahi kuuliza.

"Mi nilichora nusu," Fundi akasema. "Na kweli yake haifike ata robo."

Springi haikuwa imechoka. Haikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Alikuwa amebuni hicho kidogo, kwa mwandiko mzuri, na baadaye alipopata jiwe la kuhakikishia mizani, la shaba, la kilo tano kamili, mizani nyingine zote alizichora sawasawa. Yangu hakurudi kuirekebisha. Alisema kwanza alisahau, kisha akajirekebisha mwenyewe: hakusahau.

"Na siku ile tuliyokuja na watu?" nikauliza. "Jiwe lilikuwa wapi?"

"Mu mufuko ya koti. Ya chini, ya kuume. Nilisikia uzito yake."

"Na hukulitundika."

"Batu balikuwa bengi," akasema. "Na mi njo Fundi. Nikaangalia sifuri, nikaona sifuri iko kweli. Mizani inaweza kusimama kwa sifuri na kukosea fasi ingine yote. Mi nilijua. Nikasema ile moja tu ilikuwa kweli."

"Halafu miaka minne baadaye ukaja kuniuliza mimi nilianza siku gani kutojua."

"Ile swali nilikuwa ninauliza viatu yangu. Wewe njo ulijibu."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Aliniacha nivuke peke yangu na kosa la watu wawili, na nilipoweka langu chini, lake alilifunga ndani na mlango. Nilitaka kumwambia maneno ambayo yangemkaa. Lakini nililikumbuka lori la kwanza, na dereva, na moyo wangu ulivyoruka, na maneno yakapungua. Langu lilikuwa bado langu hata kama namba zilikuwa zake. Nikabaki na sentensi moja.

"Kesho asubuhi kuna boti ya Kilwa."

"Mi siendake ku mayi."

"Choix?" nikamuuliza.

Akasimama, akainyanyua mizani, akaiweka chini, akazunguka, akakaa kwenye sanduku la pili.

"Woga," akajibu kutoka pale.

Kesho yake alikuja na koti lake. Mwenye boti aliona mfuko wa chini umelemea, akauliza kuna nini, akamwambia atoe hilo jiwe maana akianguka litamzamisha. Fundi akakataa. Alikaa chini kabisa, katikati, ameshika mbao pande zote mbili, macho amefumba, na safari nzima hakusema kitu, isipokuwa mara moja aliniuliza kama tumefika. Tulikuwa hatujatoka mbali. Bado nilikuwa nauona kwa macho mwanamke anayeosha sufuria Nchelenge.

Mdogo wangu alikuwa ufukweni na binti yake na wanawake wengine wa chisense. Fundi hakungoja boti ifungwe. Alishuka majini na viatu vyake, koti likaelea nyuma yake, akatembea mpaka mbele ya mdogo wangu, akachomoa jiwe mfukoni, akalishika kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "siku ile hii jiwe ilikuwa mu mufuko yangu. Sikuitundika. Samaki yako ilikuwa na haki. Mizani ilikuwa mubaya, na mi njo nilichora."

Wanawake wakaacha kuanika. Mdogo wangu alimtazama, akalitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, kama siku ile, ili kila mtu asikie.

"Tulijua, Fundi. Sisi wote tulijua. Hata batu ba lori balijua. Ni nyinyi wawili tu hamukujua."

Fundi akabaki amesimama, maji yanamchuruzika. "Bon," akasema. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na nafikiri alikuwa anatafuta sanduku.

"Sasa ikala," mdogo wangu akasema, akielekeza kidole kwenye sufuria ya ugali. "Bukari inapoa."

Hapo ndipo Fundi wa Mizani alipocheka. Alianza taratibu, mabega kwanza, kisha kichwa kikaenda nyuma na mdomo ukafunguka wote, na yule mtoto mwenye jina la mama yangu akacheka kwa kumwona. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kule juu, upande, pengo la jino. Alikuwa amekwenda Kafutuma peke yake, na hakumwambia mtu.